Je, Wajua? Lori la Asidi Limepinduka (Alama 3)

Kila muhula wa pili, shule za Kenya zinapofanya mitihani ya mwigo, kuna lori la asidi ya salfuriki linalopinduka mahali fulani. Linapinduka kwenye karatasi ya kemia, katikati ya swali la mole na swali la umeme. Safari hii ni kando ya mto, safari ijayo ni karibu na soko. Dereva hatajwi kamwe, wala hatuambiwi kama alipona. Mtahiniwa anaulizwa tu angemwaga nini juu ya asidi hiyo, na kwa nini. Alama mbili, wakati mwingine tatu.

Karatasi hizi hubeba majina ya maeneo yaliyozitunga, na hunakiliwa kutoka shule hadi shule mpaka wino unafifia. Ndiyo maana utamkuta kijana wa Kitui au Kilifi ambaye hajawahi kukanyaga Kaunti ya Migori lakini jina la Uriri analijua, kwa sababu amelisoma juu ya swali lililomtoa jasho. Uriri wenyewe uko kwenye barabara kuu ya A1, ukishapita Awendo ukielekea Migori mjini na mpaka wa Isebania. Malori hupita hapo usiku na mchana. Lori la karatasini, kwa hivyo, halikuokotwa mbali.

Nimefundisha kemia upande huo na jibu la swali hili nimelisahihisha mara zisizo na idadi. Haya ni baadhi ya yale ambayo mwongozo wa kusahihisha hauna nafasi ya kuyasema.

JE, WAJUA kwamba jibu linaloandikwa na wengi ndilo linaloweza kumuunguza zimamoto?

“Maji,” wanaandika. Ni jibu la mtu mwenye akili timamu: asidi inaunguza, maji yanapoza. Lakini asidi ya salfuriki ya asilimia 98 ina uzito wa karibu mara 1.84 ya maji, na inapokutana nayo hutoa joto la kutisha. Ukiimiminia maji kidogo, yanaelea juu yake, yanachemka papo hapo, kisha yanaruka yakiwa yamebeba matone ya asidi hadi usoni mwa aliyeshika ndoo. Hapo ndipo ilipotoka ile amri ya maabara ambayo kila mwanafunzi anaikariri: asidi huingizwa kwenye maji, maji hayaingizwi kwenye asidi.

Msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliwahi kunibana. “Mwalimu, na yakiwa mengi kabisa? Si Mto Kuja uko hapo chini?”

Nikamwambia tuhesabu. Ngazi ya pH ina vipandio vya mara kumi kumi. Lita moja ya asidi yenye pH 1, ukitaka kuifikisha pH 6 kwa maji matupu, itakubidi uizimue hadi ujazo wa lita 100,000. Na ile ya kwenye tangi ina nguvu zaidi ya mara 300 kuliko hiyo ya pH 1. Alinyamaza akiandika sifuri zake, kisha akasema, “Basi mto utakuwa umeibeba tu.” Ndivyo. Kuja hukutana na Mto Migori kisha huingia Ziwa Victoria huko Nyatike, na njiani kote kuna samaki, ng’ombe na akina mama wenye mitungi.

JE, WAJUA kwamba kabla ya kemia kuna jembe?

Hili halina alama, nami huona ni kosa la watungaji. Watu wa kazi hii wakifika penye ajali, hufukuza umati kwanza na kusimama upande upepo unakotoka, kisha huzuia. Kingo ya udongo au mchanga hujengwa kwa haraka ili asidi isifike mtaroni, maana ikishaingia mtaroni imeingia mtoni. Dawa, yaani besi ya kuiua asidi, huja baadaye, ikimwagwa kutoka pembeni kuelekea katikati. Mtoto wa Kanyamkago anayejua kukinga maji ya mvua yasimomonyoe shamba la miwa anaielewa hatua hiyo kuliko mwongozo wangu.

JE, WAJUA kwamba lori moja la asidi huhitaji lori jingine la dawa, wakati mwingine kubwa zaidi?

Tuseme tangi lilikuwa na tani 20 za asidi ya asilimia 98. Asidi halisi humo ni tani 19.6, na kwa kuwa mole moja ni gramu 98, tunapata mole 200,000 kamili. (Sikuchagua tarakimu hizo kwa bahati, walimu wa kemia tunapenda kinachogawanyika.) Kuiua yote utahitaji tani 21.2 za kaboneti ya sodiamu, au tani 20 za mawe ya chokaa yaliyosagwa, au tani 16 za haidroksidi ya sodiamu, au tani 11.2 tu za chokaa isiyozimwa.

Ukichagua kaboneti, subiri wageni: tani 8.8 za gesi ya kaboni dioksidi, ambazo kwa joto la kawaida la chumba ni lita milioni 4.8. Ndilo lile povu tunaloliona kwenye neli ya majaribio tukaliandikia “mchemko wa gesi”, lakini hapa ni la kujaza bonde. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini na kutulia mitaroni. Mtoto anayechungulia kutoka kwenye kalvati yuko hatarini zaidi kuliko polisi aliyesimama juu barabarani.

Kwa tarakimu hizo mtu angeuliza, mbona mwongozo haupendi chokaa isiyozimwa, ambayo ni nyepesi kubeba? Kwa sababu nayo ina hasira zake. Ikikutana na maji hutokota peke yake, kabla hata ya kuigusa asidi. Haidroksidi ya sodiamu ni mbaya zaidi: inababua ngozi sawasawa na asidi, na ukiizidisha kidogo tu umefukuza mwizi ukamkaribisha jambazi. Kaboneti ya sodiamu ina upole. Ukizidisha, kinachobaki ni magadi. Bikaboneti ni mpole kuliko wote. Ikizidi, kinachosalia ndicho kile kinachotiwa kwenye mandazi. Juu ya hayo, povu lenyewe ni mlinzi wa bure: linapokoma ingawa bado unanyunyiza, kazi imekwisha, na hukuhitaji kifaa chochote kukuambia.

Mwanafunzi akiandika “kwa sababu ni besi” anapata alama moja. Akiandika “kwa sababu ni besi dhaifu, ikizidi haidhuru”, nampa zote na kalamu yangu inatabasamu.

JE, WAJUA kwamba mawe ya chokaa yanaweza kugoma kazi yakiwa hayajaisha?

Huu ni mtego wa kale na bado unanasa. Tia vipande vya mawe ya chokaa kwenye asidi ya salfuriki: povu linachachamaa, kisha linazimika ghafla. Mwanafunzi anaandika kwamba asidi imekwisha. Haijaisha. Mmenyuko umetengeneza salfeti ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye maji, nayo imelivika kila jiwe koti jeupe. Ndani jiwe lipo, nje asidi ipo, na hawaonani tena. Ukibadilisha asidi ukatumia ya nitriki au ya haidrokloriki, koti halishoneki, jiwe linaliwa hadi punje ya mwisho. Yaani jibu moja laweza kuwa sahihi kwa lori hili na likawa kosa kwa lori la nyuma yake.

JE, WAJUA kwamba kuna mlima unaotema dawa hii?

Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndio volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kaboneti. Lava yake ina sodiamu nyingi, ni nyepesi kama mafuta, na joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 hivi, karibu nusu ya lava za kawaida. Hutoka nyeusi, kisha ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Upande wa Kenya, katika bonde lilelile la ufa, lipo Ziwa Magadi. Waswahili walikuwa na neno “magadi” kabla ya kampuni yoyote kufika, na kampuni ya kuyachimba ilipoanzishwa mwaka 1911 iliikuta bidhaa tayari ina jina. Kilichomo ziwani kinaitwa trona, mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Kikichomwa hubaki kaboneti, magunia yaleyale ambayo swali letu linayaomba.

Na usidhani Homa Bay imeachwa nyuma. Mlima Homa, unaouona ukiwa kwenye ghuba, ni mabaki ya volkano ya jamii hiyohiyo, ila wake ulitoa zaidi kaboneti ya kalsiamu. Udondoshee mwamba wake tone la asidi, utachemka mbele ya macho yako. Wanajiolojia huutambua mwamba wa namna hiyo kwa njia hiyo. Chini kidogo ya hapo, karibu na Kendu Bay, Ziwa Simbi Nyaima lina maji ya magadi yenye pH ya karibu 10. Nami sijaona mtungaji aliyemwambia mwanafunzi wa huku kwamba jibu lake liko dirishani. Bibi yake analijua. Hutia magadi kidogo kwenye apoth, ule mrenda wa Kiswahili, uive upesi na ubaki kijani.

Hata kipimo kiko dirishani: litmasi ilipoisha, na huisha, tulitumia maua ya bogenvilia kutoka kwenye ua wa shule. Unatwanga kwenye kinu kidogo pamoja na spiriti, unachuja kwa kitambaa, unapata maji mekundu ya zambarau. Tone la haidroksidi ya sodiamu likiingia, yanageuka manjano kama mkojo wa ng’ombe. Darasa zima hucheka, na hawasahau.

JE, WAJUA kwamba swali hili limekwisha kujibiwa kwa ndege?

Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi nchini Zambia, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba wa Sino-Metals ulibomoka. Lita zilizokadiriwa mwanzoni kuwa milioni 50 za maji ya asidi ziliingia kijito cha Mwambashi, kisha Mto Kafue. Samaki walielea wakiwa wamekufa. Mji wa Kitwe, wenye watu wapatao 700,000, ulifungiwa maji ya bomba. Serikali ikatuma ndege za jeshi la anga kumwaga chokaa mtoni, mamia ya tani. Ukilisoma jibu hilo kwa jicho la mtahini, lina alama zote tatu: besi, kiasi, na namna ya kuifikisha. Limekosa ile tu isiyomo kwenye mwongozo, ya jembe.

Miaka sita kabla yake, Februari 2019, upande wa pili wa mpaka, lori la asidi ya salfuriki liligongana na basi karibu na kijiji cha Kabwe, mkoa wa Lualaba nchini Kongo, kwenye barabara ya migodi kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Walikufa watu karibu 20, wengine kwa kuunguzwa na asidi yenyewe. Huko watu huzungumza Kiswahili sokoni na kanisani. Asidi hupelekwa kwa wingi migodini kuyeyushia madini ya shaba na kobalti. Tangu niliposoma habari hizo sijaweza tena kuandika “lori lilipinduka” kwenye ubao bila kusita.

Karibu zaidi na Uriri hakukuwa na lori. Mei 2009, maji yenye asidi yalitoka eneo la mgodi wa dhahabu wa North Mara, Nyamongo wilayani Tarime, yakaingia Mto Tigithe unaokwenda kwenye Mto Mara. Kampuni ilisema karatasi ya plastiki ya kuzuia maji ilikuwa imeibwa. Wanakijiji walikuwa na malalamiko yao, nayo hayajaisha. Kwa mwanafunzi, jambo la kushika ni kwamba asidi hiyo haikununuliwa dukani. Mwamba wenye salfaidi, kama vile pairiti, ukichimbuliwa ukapata hewa na mvua, hujitengenezea asidi ya salfuriki wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Mgodi wa kale wa Macalder kule Nyatike, uliofungwa miaka ya 1960, ulichimba shaba na dhahabu kwenye mwamba wa namna hiyohiyo.

JE, WAJUA kwamba asidi iliyozimuliwa huuma polepole?

Nilimwagikiwa na maji ya betri ya gari nikiwa kijana. Nilifuta suruali kwa mkono, nikaiona nzima, nikaitundika. Asubuhi pajani palikuwa na matundu manne. Usiku maji yalikuwa yamekauka na asidi ikabaki, kila saa ikizidi kukolea, mpaka ikafikia nguvu za kuula uzi. Fundi wa betri aliyenicheka baadaye alikuwa na kopo la magadi chini ya meza yake na hakuwahi kusoma kemia.

Lakini dawa ya suruali haiwi dawa ya ngozi. Asidi ikikupata mwilini au machoni, usitafute besi: mmenyuko hutoa joto juu ya kidonda, na jichoni hilo ni balaa juu ya balaa. Vua nguo iliyolowa, fungulia maji yanayotiririka, simama hapo dakika 20 bila aibu, kisha hospitali. Hapa ndipo maji yanapopata alama ambayo yalinyimwa kule juu, kwa sababu ni mengi, yanakimbia, na asidi ni kidogo.

Ni vivyo hivyo kwa nyuki: kila kitabu husema sumu yake ni asidi, basi paka bikaboneti, ya nyigu ni besi, basi paka siki. Andika hivyo kwenye mtihani, utapata alama. Ukiumwa kwelikweli, jua kwamba sumu imeshaingia chini ya ngozi ambako magadi hayafiki, na maumivu hayatokani na pH bali protini za sumu. Toa mwiba haraka. Mtihani na mwili havikubaliani hapa, na huwa nawaambia wanafunzi wangu wazi wazi.

JE, WAJUA kwamba kuna umwagikaji ambao jibu la asidi au besi linaweza kuua?

Februari 2024 Serikali ya Kenya ilitangaza tahadhari baada ya lori lililobeba sianidi ya sodiamu kupata ajali Kaunti ya Kiambu. Sianidi hutumika kutenga dhahabu na mawe, na Migori ni nchi ya dhahabu. Mtu aliyekariri kwamba “besi huuliwa na asidi” ataona unga mweupe wenye ualkali na kukimbilia siki. Atazalisha gesi ya sianidi ya haidrojeni, ambayo huua kwa pumzi chache. Kwa sianidi, asidi ni mwiko, na raia kazi yake ni kuondoka. Ndugu mdogo wa kosa hilo yupo nyumbani: dawa ya kung’arisha nguo yenye klorini ikichanganywa na ile ya asidi ya kusugulia choo hutoa gesi ya klorini, na bafu zetu zina dirisha dogo.

Zebaki nayo, inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa Nyatike na Osiri kunasia dhahabu, haiuliwi na chochote. Ni elementi. Unga wa salfa huifunga isitoe mvuke kwa urahisi, lakini zebaki iko palepale. Kila mwaka kuna anayeandika “ongeza besi”, na kila mwaka nachora mduara.

JE, WAJUA kwamba Awendo hufanya kazi hii kila siku?

Kiwanda cha sukari cha South Nyanza, SONY, kilianzishwa mwaka 1979. Maji ya miwa yakitoka kwenye mashine yana rangi ya tope na pH ya karibu 5. Yakichemshwa hivyohivyo, asidi ingeivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na isingeganda kuwa punje. Kwa hivyo sharubati hiyo hutiwa maziwa ya chokaa mpaka ikaribie pH 7. Chokaa hukamatana na fosfeti zilizomo, vinakuwa mabonge laini yanayozama na kuburuta uchafu wote chini. Tope linalobaki hurudishwa mashambani kama mbolea. Mkulima wa Uriri anayepeleka miwa Awendo amekunywa chai yenye zao la mmenyuko huo maisha yake yote.

Nilirudi kwa yule msichana wa Mto Kuja siku ya marudio. Alikuwa amepiga hesabu ya tani 11.2 upya, akafikiria magari. Lori moja la tani saba na nusu haliwezi, alisema, ni mawili. “Lakini mwalimu, saa nane za usiku, hapa Uriri, chokaa ya malori mawili nitaitoa wapi?”

Mwenzake wa dawati la nyuma, ambaye baba yake hupakia miwa, alijibu bila kuinua kichwa: “Awendo. Stoo ya kiwanda. Watafute namba ya askari wa geti.”